Mwembe, na Maembe Yaangukayo Chini

Somo kwa wenye mashamba na kwa wenye majiko

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Thika, afikapo Makutano huiona barabara ikigawanyika. Moja yaendelea mbele kwenda Sagana, Karatina na Nyeri. Ya pili yageuka mkono wa kuume, yapita Mwea na kuelekea Embu na Meru. Katika miezi ya maembe, tangu Januari hata Machi, matunda hupangwa kando ya njia kwa mafungu, ya manjano na mekundu, na harufu yake hujaa hewani. Mengi hutoka katika nchi ya chini yenye joto, yaani Mbeere, na mbele yake Tharaka, mahali ambapo chai haioti na kahawa haistawi, lakini mwembe hustawi kana kwamba asili yake ni pale pale.

Basi msafiri huyo na aiache barabara kuu, aingie mashambani kwa miguu. Huko ataona jambo jingine. Chini ya miti mingi maembe yamelala ardhini, mengine mabivu, mengine yamepasuka, mengine yamegeuka rojo jeusi, na inzi wanayazunguka. Karo ya mtoto imelala pale chini, na chumvi na sabuni na mafuta ya taa. Tena si hasara ya mwaka huu tu. Embe lioalo chini ya mti mwezi huu ndilo linalolea wadudu watakaoharibu maembe ya mwezi ujao, katika shamba lile na katika shamba la jirani.

Hilo ndilo shauri la somo letu. Tutautazama mti wenyewe, namna ya kuupanda na kuutunza, adui zake, na matumizi ya matunda yake jikoni. Lakini msomaji akisahau mengine yote, na akumbuke hili moja: embe likianguka, kazi ya mkulima haijaisha.

1. MTI WENYEWE

Mwembe ni jamaa ya mkorosho, na kwa asili ni mti wa Bara Hindi na nchi zilizopakana nalo upande wa mashariki. Watu wa huko wameulima kwa maelfu ya miaka. Kwetu Afrika ya Mashariki uliletwa na wafanya biashara wa baharini, nao ulitangulia kuota Pwani kabla ya kupanda bara. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandika juu ya chakula alichokaribishwa: wali na vitoweo, na pamoja navyo achari ya matunda yenye kokwa, ambayo yakiwa mabichi huwa makali kama ndimu na yakiiva huwa matamu. Hayo ni maembe. Kwa hiyo achari ya maembe imekuwapo mezani katika mwambao wetu karibu miaka mia saba.

Mwembe uliotoka katika kokwa, usipokatwa, hukua kuwa mti mkubwa mno. Huweza kupita meta ishirini kwa urefu, na kuzaa kwa miaka mia na zaidi, hata wajukuu wakala matunda ya mti uliopandwa na babu yao. Mzizi wake mkuu hushuka chini sana kutafuta maji, na ndiyo sababu jani lake hubaki kijani wakati majani ya ng'ombe yamekauka yote.

Mti huu wapenda joto, na zaidi ya joto wapenda kipindi cha ukavu. Ukipata mvua mwaka mzima hutoa majani mengi na maua machache. Kiu kidogo ndicho kinachouamsha utoe maua. Tena maua yakitoka, hewa ikiwa na ukungu na manyunyu, magonjwa ya kuvu huyashambulia na kuyaangusha. Kwa hiyo miteremko ya juu ya Embu iliyo karibu na Mlima Kenya, yenye baridi na unyevu, yafaa kwa chai na kahawa. Lakini mwembe hupendelea nchi isiyopita sana meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mkulima wa Makutano na Mbeere asione haya kwa sababu mvua yake ni haba. Kwa mti huu, uhaba huo ni sehemu ya utajiri wake.

Shada moja la maua ya mwembe huwa na maua mamia kwa maelfu, lakini matunda yanayodumu hata kuiva huwa machache tu, pengine moja au mawili. Mkulima asishtuke aonapo maua na vitunda vidogo vikipukutika. Mti hupunguza mzigo wake wenyewe. Kazi ya kuchavusha maua hayo hufanywa na nyuki, inzi wa namna nyingi na wadudu wengine wadogo. Kwa sababu hiyo si vema kunyunyiza dawa ya kuua wadudu wakati maua yamechanua, kwa maana utawaua watumishi wako mwenyewe.

2. KUPANDA NA KUBEBESHA

Zamani mtu alikula embe tamu, akafukia kokwa, akangoja. Alingoja miaka sita, saba au zaidi, na mwishowe mti ulipozaa, mara nyingi matunda hayakufanana na lile alilokula. Siku hizi njia iliyo bora ni kubebesha, yaani kuchukua kitawi cha mti unaojulikana kwa uzuri na kukiunganisha juu ya mche ulioota kwa kokwa. Mche wa chini huleta mizizi yenye nguvu. Kitawi cha juu huleta tunda ulitakalo. Mti uliobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne.

Anayetaka kuotesha miche yake mwenyewe na afuate hatua hizi:

(a) Achague kokwa za maembe ya kienyeji yaliyoiva, kutoka mti wenye afya. Kokwa za embe hazikai, zikikauka hufa. Zapasa kupandwa katika siku chache.

(b) Afungue ganda gumu kwa kisu, polepole, atoe mbegu iliyo ndani. Kwa njia hii huona pia kama mbegu imeliwa na fukusi, akaitupa.

(c) Aipande mbegu upande uliobinuka ukiwa juu, katika mfuko wenye udongo mzuri uliochanganywa na samadi iliyooza, na kuinywesha maji kila mara.

(d) Shina la mche likifikia unene wa kalamu ya risasi, akate ncha yake kiasi cha sentimita ishirini juu ya udongo, apasue katikati, na achomeke kitawi kilichochongwa pande mbili kama kabari. Kisha afunge kwa utepe wa nailoni, akaze, maji yasiingie. Kitawi na shina viwe na unene mmoja, ili ganda lishikane na ganda.

Shambani shimo liwe la upana wa sentimita sitini na kina cha sentimita sitini. Udongo wa juu uwekwe mbali na udongo wa chini. Ule wa juu uchanganywe na debe moja au mawili ya samadi na urudishwe kwanza. Nafasi baina ya mti na mti iwe meta nane hata kumi. Nafasi hiyo huonekana kubwa mno mche ungali mdogo, na wengi hushawishika kuibana. Baada ya miaka kumi hujuta. Katikati ya safu mkulima aweza kupanda kunde, ndengu au pojo kwa miaka ya mwanzo. Wakati wa kupanda ni mwanzo wa mvua, za Machi au za Oktoba.

Kuhusu aina za maembe, mwambao una majina yake ya tangu zamani: Ngowe, lililo refu na lenye mdomo uliopinda, Boribo, Dodo. Katika nchi ya Embu na Meru lipendwalo sana ni lile la mviringo liitwalo Apple. Pamoja nalo zipo aina zilizotoka Florida huko Marekani, kama Kent, Tommy Atkins, Van Dyke na Haden. Tommy Atkins lina ngozi ngumu, hustahimili safari, lakini lina nyuzi nyuzi. Kent halina nyuzi nyingi na ni tamu, nalo huchelewa kuiva kuliko mengine. Mwenye busara hapandi aina moja tu. Akiwa na aina iwahiyo na aina ichelewayo, hatauza mavuno yake yote katika wiki ile ile ambayo kila mtu anauza.

3. KUPOGOA

Mwembe wa shamba la biashara haupaswi kuwa mrefu kupita meta nne au tano. Mti mrefu hauchumiki ila kwa kutikiswa au kwa kupigwa fito, na embe lililoanguka kutoka juu huvimba na kuoza. Mara baada ya mavuno kata matawi yaliyokufa, yale yaliyopandana, na yale yaliyo katikati, ili jua na upepo vipate kupenya. Mti wenye nafasi ndani hukauka upesi baada ya umande, na ugonjwa wa madoa meusi haupati makao.

Miembe mikubwa ya kale nayo haina haja ya kung'olewa. Huweza kukatwa kwa awamu, tawi baada ya tawi, na machipukizi mapya yatokapo yakabebeshwa aina nzuri. Hivyo mizizi ya babu huzaa matunda ya mjukuu.

4. ADUI WA MWEMBE

Adui wako wengi, lakini tutataja watatu.

Wa kwanza ni magonjwa ya kuvu. Moja hufunika maua kwa unga mweupe. Jingine hutia madoa meusi juu ya majani, maua na matunda. Kupogoa na usafi wa shamba hupunguza yote mawili. Dawa zake zapasa kutumiwa kwa shauri la afisa wa kilimo, wala si kwa kubahatisha.

Wa pili ni fukusi wa kokwa. Huyu hutaga yai juu ya embe changa, na mtoto wake hutoboa mpaka ndani ya kokwa, akaishi humo. Embe kwa nje huonekana zima kabisa. Fukusi akikomaa hutoka, akajificha katika magamba ya shina hata msimu wa maua urudi.

Wa tatu, na aliye mbaya kuliko wote, ni inzi wa matunda. Pana inzi wa asili ya hapa Afrika, lakini mwaka 2003 aligunduliwa hapa Kenya inzi mgeni kutoka Asia, nao wataalamu walimwita Bactrocera. Katika miaka michache alienea sehemu kubwa ya Afrika. Hasara aliyoleta ilikuwa kubwa hata mwaka 2014 Kenya yenyewe ikasimamisha kupeleka maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa kuwa shehena zilikuwa zikikutwa na funza. Ilipita miaka mingi, hata mwaka 2021, ndipo maembe yakaanza kupelekwa huko tena, na hayo yalitoka katika maeneo yaliyojitahidi kupunguza inzi.

Yafaa kujua maisha ya mdudu huyu hatua kwa hatua, kwa maana asiyemjua adui hupigana na kivuli chake. Inzi jike hutoboa ngozi ya embe na kutaga mayai chini yake. Katika muda wa siku moja au mbili mayai huanguliwa, na funza weupe huanza kula nyama ya tunda. Tunda huiva kabla ya wakati wake, likaanguka. Hapo funza wenye umri wa kutosha hutoka ndani ya embe, hujirusha, na kuingia katika udongo sentimita chache tu. Humo hugeuka na kuwa kama punje ya mtama ya rangi ya hudhurungi, akakaa kimya siku zipatazo kumi. Kisha hutoka inzi mpya, na baada ya siku si nyingi yeye naye hutafuta embe la kutagia. Tangu yai hata inzi mzima ni mwezi mmoja au pungufu. Na jike mmoja hutaga mayai mamia katika maisha yake.

Angalia basi: embe limeanguka, mkulima amelipita, akasema limeharibika. Kumbe ndani ya embe lile mna inzi makumi wa kesho.

Njia za kumzuia ni nyingi, nazo zapasa kwenda pamoja. Uko mtego wenye harufu ivutayo inzi madume. Kiko chambo cha chakula kilichotiwa dawa kidogo, ambacho hunyunyizwa mahali padogo tu pa kila mti, wala si mti mzima. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoasisiwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimewafunza wakulima wa Embu na sehemu nyingine njia hizi. Kituo hicho kilileta pia nyigu wadogo sana ambao hutaga mayai yao ndani ya mayai au funza wa inzi yule, wakammaliza. Nyigu hao hawaumi mtu.

Lakini njia iliyo nafuu kuliko zote haihitaji duka. Ni kuokota. Kila embe lililoanguka liokotwe mara mbili kwa wiki, na yale mabovu yafukiwe katika shimo lenye kina kisichopungua sentimita hamsini, na udongo ushindiliwe juu yake. Inzi atokaye katika kina hicho hawezi kufika juu. Wasio na nafasi ya shimo huweza kutumia hema dogo la wavu: matunda mabovu hutiwa ndani, inzi watokao hunaswa, na nyigu wadogo hupita katika matundu ya wavu wakaenda kufanya kazi yao.

5. MFANO WA MASHAMBA MAWILI

Tuwaze mashamba mawili yaliyopakana, si mbali na Makutano. Hatuyataji majina, kwa maana mashamba ya namna hii yapo katika kila kijiji.

La kwanza ni la kijana mwenye miembe arobaini iliyobebeshwa. Huipogoa, huitia samadi, ametundika mitego, amenunua dawa. La pili ni la mama mjane, mwenye miembe mitatu mikubwa iliyopandwa na marehemu mumewe. Watoto wake wako mjini kikazi. Maembe yake huanguka na kulala palepale.

Mwaka wa kwanza kijana alipasua maembe yake, akakuta funza. Mwaka wa pili akazidisha dawa, na funza wakawamo. Mnunuzi akapima, akakataa nusu ya mzigo. Mwaka wa tatu kijana akakasirika, akaanza kusema ya kwamba atakwenda kwa chifu, miembe ya mama yule ikatwe. Lakini kabla ya kwenda kwa chifu, mkewe alimshauri aende kwanza kwa jirani.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Leo umekuja kwa mlango. Jana nilikusikia ukinisema uani."

"Nisamehe, mama. Hasira ilinitangulia. Miembe yako inanimaliza."

"Miembe yangu ina miguu? Imeingia shambani mwako?"

"Haikuingia miembe, mama. Wameingia inzi wake."

Akaokota embe moja, akalipasua mbele yake, funza wakaonekana. Kisha akaparura udongo kwa ncha ya kisu, akaziokota zile punje za hudhurungi, akaziweka katika kiganja cha mama.

Mama akazitazama kwa muda mrefu. "Mimi nilidhani embe likianguka limekwisha," akasema. "Kumbe ndipo linapoanza. Lakini mgongo wangu hauinami tena, mwanangu. Na miti hii ukiikata, umekata kivuli alichoniachia marehemu."

"Sitaki ikatwe, mama. Niruhusu tu kuokota."

"Uyapeleke wapi?"

"Mabovu yaende shimoni. Mazima tutayakata na kuyakausha. Na hiyo iwe kazi yako, kwa kuwa kisu hakitaki mtu ainame."

Mama akacheka, akakubali. Tangu siku ile watoto wa nyumba zote mbili waliokota kila Jumanne na Jumamosi. Hasara ya kijana haikuisha mwaka ule, bali ilipungua; kwa sababu ng'ambo ya kijito palikuwa na shamba la tatu. Ndipo wote wawili wakaenda huko pamoja, na mama ndiye aliyetangulia kusema.

Mfano huu wafundisha nini? Inzi hajui mpaka wa shamba. Mkulima mmoja aliye safi katikati ya wazembe ni kama mtu afagiaye uwanja penye upepo. Kwa hiyo kazi hii ni ya kijiji kizima, ya chama cha wakulima, ya shule na ya baraza la chifu. Siku zipangwe, na kila mmoja ajue zamu yake. Na penye mzee asiye na nguvu, majirani wamsaidie bila kungoja kuombwa, kwa maana wakimsaidia yeye wamejisaidia wenyewe. Wakumbuke pia mipera iliyo ua kwa ua: inzi huyu hula mapera na matunda mengine mengi, na huko ndiko hujilisha msimu wa maembe ukipita.

6. KUCHUMA NA KUUZA

Embe la kwenda mbali huchumwa limekomaa lakini halijaiva. Dalili zake ni hizi: mabega ya tunda yamejaa na kupanda juu ya kikonyo, na ukilikata moja la kujaribia nyama iliyo karibu na kokwa imeanza kugeuka manjano. Likatwe kwa kisu au mkasi pamoja na kikonyo kifupi, kisha ligeuzwe juu chini ili utomvu udondoke. Utomvu huo huunguza ngozi ya embe na ya mtu pia. Tumia kreti, usitumie gunia. Maembe ya chini ya gunia huwabeba wenzake mpaka yakapondeka.

Neno juu ya bei. Pana desturi ya mwenye shida kuuza mti mzima ungali na maua, kwa bei atakayoisema mnunuzi. Anayefanya hivyo huuza asichokiona kwa mtu aliyeona masoko mengi. Vema wakulima wakusanyike, wachague maembe kwa ukubwa, wauze kwa kilo na kwa sauti moja. Na mwenye njia ya kuyakausha maembe yake halazimiki kukubali bei yoyote siku ile ile.

7. JIKONI

Embe bivu lina rangi ya manjano iletayo vitamini A, ambayo hulinda macho na kumpa mtoto nguvu ya kushindana na magonjwa. Embe bichi nalo lina vitamini C kwa wingi. Lakini matumizi yake hayaishii katika kumenya na kula. Tutataja machache.

Embe kavu. Hili ndilo linalookoa mavuno. Chagua maembe mabivu yaliyo imara bado, yasiyo na funza. Osha kwa maji safi, menya, ukate vipande vya unene wa nusu sentimita hivi. Vipange pasipogusana juu ya wavu safi, ndani ya sanduku lenye kifuniko cha plastiki au kioo lipitishalo hewa, na uliweke juani. Usiku na wakati wa mvua vifunike. Baada ya siku mbili au tatu za jua kali, vipande huwa kama ngozi: hupindika bila kukatika, wala havitoi maji vikibanwa. Vitie katika chombo kisichopitisha hewa. Katika kila kilo kumi za nyama ya embe, zaidi ya kilo nane ni maji. Kwa hiyo debe zito hugeuka kuwa mfuko mwepesi, ukakaa miezi kadha. Watoto hula hivyo hivyo, au huchemshwa katika uji wa wimbi wakati wa njaa ya Septemba, mwembe ungali na maua tu.

Achari ya Pwani. Kata maembe mabichi pamoja na ganda, tia chumvi, acha usiku mmoja. Mwaga maji yake, anika juani siku moja au mbili. Kaanga mafuta, tia kitunguu saumu, tangawizi, pilipili iliyosagwa, bizari ya manjano na mbegu za uwatu. Epua, mimina siki, changanya na maembe. Tia katika chupa iliyochemshwa na kukaushwa, mafuta yafunike juu. Ngoja wiki moja au mbili kabla ya kula.

Mchuzi wa samaki. Watu wa mwambao, wasipokuwa na ukwaju au ndimu, hutia vipande vya embe bichi katika mchuzi wa samaki, ukawa na ukali mzuri. Watu wa Mbeere walao samaki wa mabwawa ya Mto Tana, kama Kamburu na Kiambere, waweza kujaribu. Utamu wake ni ule ule.

Kachumbari. Embe bichi lililokunwa, kitunguu, chumvi, pilipili na dania. Hutelemsha ugali na maharage pasipo nyama.

Sharubati. Ponda embe bivu, chuja nyuzi, ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa. Inywewe siku ile ile.

Maganda na kokwa navyo visitupwe ovyo. Ng'ombe na mbuzi hula maganda. Kokwa zenye fukusi zichomwe moto au zifukiwe pamoja na matunda mabovu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Msomaji na ajiulize haya, na mwalimu aweza kuyatumia shuleni:

1. Kwa nini mwembe hustawi Makutano na Mbeere kuliko katika miteremko ya juu ya Embu?
2. Mti uliobebeshwa hupita ule wa kokwa kwa mambo gani mawili?
3. Eleza safari ya inzi wa matunda tangu yai hata inzi mzima. Ni mahali gani mkulima aweza kuikata kwa jembe tu?
4. Shimo la kufukia maembe mabovu liwe na kina gani, na kwa sababu gani?
5. Katika kijiji chako, ni nani asiyeweza kuokota maembe yake? Nani atamsaidia, na siku gani?

Swali la tano halina jibu katika gazeti hili. Jibu lake liko chini ya mwembe wa jirani yako.